Kombe Sikumpa

Bellevue, Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na mvua hizi? Sisi tunaendelea vizuri, na Yusufu ameanza kugombana nami kila asubuhi, jambo linalonifurahisha mno.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu huwa unaiweka spika, na hili nataka ulisikie wewe kwanza. Uliponiuliza kama Yusufu amekunywa kombe la Mwalimu, yale maji aliyooshea aya za Kurani, nikajibu amekunywa, nilikudanganya. Sikumpa.

Siku ile chupa ya kombe uliyotuma inafika, alikuwa ametoka kutundikiwa dripu za dawa za saratani ya damu. Dawa zile zinaua ugonjwa na kinga ya mwili pia. Kijidudu kidogo tu cha kwenye maji kingeweza kuniulia mwanangu. Nesi, ambaye kama wote huku humwita dada "sisi", alipoiona chupa mkobani alinishika mkono. "Eish, sisi! Maji yamekaa siku nne kwenye basi? Hapana. Mtoto huyu anywe yaliyochemshwa tu."

Basi nachemsha kila kitu. Jiko tunatumia wapangaji sita, na jirani yangu Mkongomani hunicheka: "Mama Yusufu, leo tena unapika mayi?" Namwambia naam, maji hayo hayo, na wewe nawa mikono kabla hujamgusa mtoto. Wageni wenye mafua nawazuia mlangoni. Nimeitwa mwenye maringo, nami nimekubali.

Dua zenu nazitaka, Mama, tena sana. Maji ndiyo yaliyonitisha. Kukwambia nikaogopa, na hapo ndipo nilipokosea.

Maana juzi dada Rukia kaniambia amemwachisha mwanawe Mwanaidi vidonge vya penisilini, anampa kombe tu, eti kwa sababu Yusufu limemfaa. Nilipomweleza ukweli akafoka: "Wako unamtibu hospitali kubwa, wangu unamnyima hata kombe?" Akakata simu. Mama, mtoto mwenye selimundu vidonge hivyo ndivyo vinavyomkinga na homa za kuua. Akionekana mzima, ni kwa sababu anavimeza. Rukia hamsikii mtu ila wewe.

Barua hii anakuletea mfanyabiashara mmoja anayerudi Tanga kesho, nimemwapisha akukabidhi mkononi. Wasalimie baba mdogo na shangazi. Rukia usimpe salamu zangu, hatazipokea. Mwambie tu, mbele ya majirani wote uliowasimulia kuwa kombe limemponya Yusufu, kwamba binti yako ni muongo, na kwamba Mwanaidi ameze kidonge chake leo hii.

Mwanao,
Zuhura