Uliponiuliza Ukae Lini

Mdogo wangu Kiroboto,

Salamu ziufikie kwanza mkono wako uliovunjika, kisha wewe mwenyewe. Je, plasta imeshatolewa? Usingizi unaupata? Mama anasema unakula kwa mkono wa kushoto na nusu ya chakula inaishia mezani. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma.

Hapa uwanjani wameingia wanafunzi wapya wa kuruka kwa parachuti na injini mgongoni, na makosa ni yale yale. Juzi karani mmoja wa benki aliitandaza yake bila kuangalia upepo, ukampiga mgongoni, akakimbia uwanja mzima kama aliyefukuzwa na nyuki na parachuti isiinuke hata shibiri. Muuguzi mmoja naye aliongeza moto wa injini kabla parachuti haijasimama juu ya kichwa chake. Injini ikamsukuma kifudifudi, akala mchanga. Mwalimu akawaambia kwamba amewahi kumwona mwanafunzi mmoja tu aliyeinua sawasawa siku zake za kwanza. Ni wewe. Mpaka leo unatajwa wewe! Nilikuwa kwenye cherehani, nikajichoma kidole.

Acha niseme wazi: nilikuonea wivu. Miaka sita nimeshona parachuti za watu hapa, nikikagua kila kamba na kuziba kila tundu, nikingoja zamu yangu ya kujifunza. Nilipoipata, ilinichukua miezi miwili kuiinua bila kupinda upande. Wewe ulikuja likizo tu, na siku ya tatu ukaiinua kama mtu anayetandika shuka. Mwalimu akatangaza kwamba ukimaliza mafunzo utakuwa msaidizi wake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nikaugua.

Sasa Mama ananiambia umeapa hutaruka tena, kwamba wewe ni mzito wa kuelewa na umemwaibisha mwalimu. Naye mwalimu, kwa kuwa umeikataa ile nafasi, alinipa mimi.

Kiroboto, asubuhi ile tukifunga mikanda uliniuliza ukiruka ukae lini kwenye kile kiti cha mikanda, maana siku ya somo hilo ulikuwa na homa. Nilikujibu kwamba ukihisi tu miguu imekuwa myepesi, kaa. Nilijua si kweli. Kila anayeanza huambiwa aendelee kukimbia hata miguu ikikanyaga hewa, kwa sababu ukikaa mapema unarudi chini na injini mgongoni. Sikutaka uvunjike. Nilitaka uanguke kwa matako mbele ya mwalimu, watu wakucheke siku moja tu. Nikasikia pangaboi la injini yako likipasuka, kisha nikakusikia ukilia, ukiniita mimi.

Hukukosea. Ulifanya nilivyokwambia.

Leo asubuhi nimemweleza mwalimu yote. Akaniambia niache ufunguo wa chumba cha cherehani mezani. Nafasi ni yako, na amesema itakungoja mpaka mkono upone. Tafadhali usiikatae kwa sababu yangu.

Msalimie Mama. Akiuliza kwa nini narudi na mabegi yote, msomee barua hii. Sitegemei unijibu upesi. Wivu wenyewe haujaisha, nisikudanganye tena: ningekuuliza mimi asubuhi ile, wewe ungeniambia ukweli.

Ni mimi,
Dada yako