Mstari Uliompanga Mama

Maduhu,

Mwarobaini wa mama uliangushwa Jumatatu ya juma lililopita, saa tatu na nusu asubuhi. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, usije ukasema baadaye kwamba salamu zilikufanya udhani barua ni ya heri.

Sasa salamu. Mwangaluka. Mimi mzima, mgongo tu unaniuma kwa sababu ya kiti cha boza. Afya yako siulizi. Mtu anayeweza kupata usingizi baada ya jambo kama lile, afya anayo ya kutosha. Naulizia ya mama, na hiyo nimeshaipata kwa watu wengine: hali vizuri, na tangu Jumatatu hiyo hajakaa nje.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unausikiliza nusu kisha unafuta. Hii anakuletea dada mmoja wa Binza, kule Maswa, anayefanya kazi za ndani huku Maskati na sasa anarudi likizo. Nimemwomba asiiache mlangoni. Akupe mkononi, angoje uifungue.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, acha nikuambie ilivyo. Naendesha boza, lori la tangi la maji ya kumwagilia miti ya barabarani. Tangu niache lori la pamba pale Kasoli sijapata kazi rahisi kuieleza kama hii: miti mia tatu na kumi na miwili, kila mti lita arobaini, boza linabeba lita elfu kumi na mbili na mia tano. Piga hesabu. Zinabaki lita ishirini, ndizo tunazonawia miguu mimi na mwenzangu anayeshika mpira. Mwezi uliopita mwenzangu huyo, Mnepali wa umri wako, alianguka tukiwa tumemaliza mti wa mia mbili na tatu. Joto nyuzi arobaini na sita. Nikamburuta hadi chini ya mtende. Kivuli cha mtende kikamfunika kichwa na kifua, miguu ikabaki inaungua. Msimamizi alipofika alimtazama, akanitazama, akasema, "Imebaki mia moja na tisa." Nikaimaliza peke yangu.

Kwa hiyo kuhusu kivuli, usinifundishe.

Ndiyo maana uliponipigia kusema mtaa wetu unawekwa lami na mitaro, na kwamba wakazi wataulizwa wenyewe ipandwe miti gani, nilifurahi kama mjinga. Huku hakuna anayeulizwa. Ulinieleza utaratibu kwa mdomo wako: mtaa mzima aina moja ya mti. Wakishinda wa mwarobaini, ile miarobaini mitano ya zamani, wa mama ukiwemo, inabaki na mapengo yanajazwa. Wakishinda wa miashoki, ile mirefu myembamba kama mishumaa, ya zamani yote inakatwa. Kura ni ya mstari: mche wa mwarobaini huku, mche wa mwashoki kule, kila mkazi mtu mzima anasimama nyuma ya anaoutaka.

Nikakuuliza, "Na wewe utasimama wapi?"

"Kaka, hilo nalo la kuuliza? Nitasimama na mama."

Hukusema uongo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Halafu ukaongeza, kama mtu anayepita tu, "Ila ule mti unanifichia bango." Bango la fremu zako mbili za maduka. Nikakwambia lisogeze mita mbili kulia, utaonekana hadi kwenye kona. Nikakuchorea na mstari mwekundu juu ya picha ya fremu zako. Ukanijibu, "Kaka una akili sana." Mita mbili, Maduhu. Nguzo mbili na saruji ndoo moja.

Siku ya kura mkeo akarusha picha kwenye kundi la mtaa. Mama wa tatu kutoka mbele, kitenge cha kanisani, kichwa juu, anatabasamu. Wewe pembeni yake umemshika kiwiko. Miche yenyewe haionekani, imezibwa na watu. Unajua nilifanya nini na picha hiyo? Niliionyesha chumba kizima, watu kumi na mmoja. Nikasema huyu ni mama yangu, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni zaidi ya mwanga na giza, na bado kwetu anaulizwa mti wa mtaani kwake. Mnepali alitazama muda mrefu akasema kwao mama yake hajawahi kuulizwa kitu. Nilijivuna siku tisa. Siku ya kumi mama mdogo akanipigia, analia, nyuma yake msumeno wa mashine unanguruma.

Sasa nitakuandikia kilichotokea. Wewe ulikuwepo, lakini nataka ujue kwamba nami najua.

Mama mdogo alikuwa mstari wa mwarobaini, ng'ambo. Fundi viatu, yule wa jirani na mashine ya kusaga, alikuwa nyuma ya mama kabisa, wa nne. Nimempigia mwenyewe, nikamfanya arudie mara mbili, na mara zote mbili maneno yalikuwa yale yale.

Anasema kulikuwa na utani mwingi. Wewe ulipaza sauti, "Sisi tunataka mtaa ufanane na Dodoma, wenzetu wanataka ufanane na zahanati!" Mtu wa upande wa pili akajibu kwamba kivuli cha mwashoki kinamtosha nyoka, tena nyoka aliyesimama. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa sababu alidhani yuko na waliosema hilo la nyoka.

Kisha akakuuliza, "Maduhu, huu ni mstari gani?"

"Wa mwarobaini, mayu. Tulia hapo hapo."

"Nisogeze mbele nishike jani."

Alitaka kushika, Maduhu. Jani la mwarobaini lina meno pembeni kama msumeno mdogo, na jani la mwashoki ni refu, lina mawimbi. Vidole vyake vingejua mara moja. Ndivyo anavyojua michembe, vile viazi vitamu anavyoanika, iliyokauka na ambayo bado ina unyevu. Nawe ukamwambia, "Miche ya serikali haishikwi, mayu. Utatozwa faini."

Na walio karibu wakacheka tena.

Mama mdogo akamwona, akaita kutoka ng'ambo, "Dada! Njoo huku! Dada, umepotea!" Mama akageuza shingo. Ukamwinamia sikioni. Fundi viatu anasema hukunong'ona hata kidogo: "Anakuita kwa wa miashoki. Wameshamnunua huyo."

Mama yetu, aliyemlea mdogo wake huyo mgongoni, akapaza sauti mbele ya mtaa mzima: "Kaa na usaliti wako huko huko!"

Nasikia siku hiyo hiyo uliliigiza hilo kijiweni, na sauti yake yote. Watu walishika mbavu.

Wakahesabu. Miashoki arobaini na tatu, mwarobaini arobaini na moja. Upande wenu ukashangilia, mama akadhani mwarobaini umeshinda. Mimi ni mtu wa hesabu, nitakusaidia. Toa wawili huku, weka wawili kule: arobaini na moja kwa arobaini na tatu. Ulihitaji kura mbili. Moja ulikuwa nayo. Ya pili ukaichukua kwa mama yako, ukaitumia kukata mti wake.

Msumeno ulipofika, mama alitoka na fimbo. Akawaambia, "Huu hauguswi, mimi nilisimama mwarobaini na tulikuwa wengi." Bwana misitu, ambaye simlaumu, akatoa simu akamwonyesha ile picha. Akamwonyesha picha mtu asiyeona. "Mama, huyu hapa ni wewe, wa tatu." Mama akakuita: "Maduhu, ni kweli?"

"Ni kweli, mayu. Mstari ulisukumwa, mkono wangu ukakuponyoka. Ni hayo macho, mayu."

Ninayo picha hiyo. Nimeikuza hadi imekuwa punje punje. Ilipigwa wakati wa kuhesabu, na mkono wako haujaponyoka. Vidole vinne viko juu ya kiwiko, gumba kwa chini. Na unacheka. Nimehesabu meno sita.

Mti ule mimi niliuchotea maji mchangani mtoni, dumu la lita tano, nikiwa darasa la tatu, misimu miwili ya kiangazi. Sidai kitu kwa hilo, nilitumwa. Wewe ulipougua, mama alikuchemshia majani yake ukamtemea usoni. Ulianza mapema. Sasa magogo yake nasikia umechomea tofali za fremu ya tatu. Ziweke hizo tofali upande unaoangalia barabara, zionekane pamoja na bango.

Lakini mti umekwenda na mimi siandiki kwa ajili ya mti. Miarobaini huota hata kwenye ufa wa ukuta.

Naandika kwa sababu ya alichofanya mama Jumatano na Alhamisi. Alipanga michembe kwenye bakuli, akashika fimbo, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba ishirini na sita. Kila mlango alisema, "Nisameheni, macho yangu yamewaponza, nimesimama pasipo pangu." Wengi walimkaribisha. Kuna mmoja alimwambia, "Kipofu angebaki ndani siku ya kura," akapokea michembe, akafunga mlango. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye fremu yako, unamwona anavuka mtaro kwa kupapasa. Kwa mama mdogo ndiko hakwenda. Kwake yeye, mama mdogo bado ni msaliti.

Utasema, basi mwambie wewe. Nilimwambia. Ijumaa jioni nilimpigia nikamweleza kila kitu, neno kwa neno kama nilivyoandika hapa. Akasema, "Masanja, usimsingizie mdogo wako. Wewe uko mbali, hukuona. Yeye alikuwa amenishika." Nikamwambia ndiyo, mama, ndicho ninachosema, alikuwa amekushika. Akakata simu. Mama mdogo alijaribu pia, akafukuzwa uani na fimbo.

Kwa hiyo yamebaki masikio mawili yanayosubiri mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ni wako. Miaka yote aliniuliza mimi mambo ya mbali na kukuuliza wewe mambo ya karibu. Mstari gani, Maduhu. Noti gani hii, Maduhu. Nani kapita, Maduhu. Aliazima macho yako kwa sababu yake yamekwisha, na hakuwahi kukagua.

Najua unaogopa nini. Unaogopa atakulaani. Hatakulaani, ningekuwa mimi ningekulaani mara mbili, asubuhi na jioni, lakini yeye atauliza kama umekula. Hilo ndilo utakaloishi nalo, na ni halali yako. Yeye halali yake ni kujua kwamba hakukosea, kwamba akili yake ilijua mti wake na miguu yake ilikwenda ilikopelekwa. Atoke nje tena. Aende kwa mdogo wake wakae pamoja wagombane kama zamani.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo. Mwambie picha yake ilikuwa safi sana, isingekuwa safi nisingeona gumba. Nisalimie mjomba anayefuga kule Kalemela, na umwambie akija mjini asifungie ng'ombe pale pa zamani, hapana tena pa kufungia. Fundi viatu mpe heshima yake, usimguse. Mimi ndiye niliyemlazimisha kusema. Mama mdogo usimpe salamu zangu, hazitafika zikiwa safi. Na mama nitamsalimia mwenyewe.

Jumapili hii, saa sita mchana kwa saa ya Bariadi, huku itakuwa saa saba, nitapiga simu ya mama. Mtakuwa mmetoka kanisani. Kabla ya saa hiyo uwe umekaa mbele yake. Usiniandikie maelezo, usinitumie mtu, usinitajie bango. Swali ni moja, na atakayelijibu mbele yake ni wewe: ulimpanga mstari ule kwa makusudi, ndiyo au hapana?

Kaka yako,
Masanja