Gesare Akiita, Aitikiwe

Jasper,

Uji wa Gesare uko kwenye thamosi ya bluu. Usimharakishe. Mwache ashike kijiko mwenyewe, hata akijipaka masikioni. Na ukiulizwa tena mbona hajatembea, sema mtoto wetu aliwahi kufika duniani miezi miwili kabla ya wakati, sasa anapumzika.

~~Mama yako arudi kwake Ekerenyo Jumapili.~~

Hilo nimelifuta, ila ujue nililiandika kwa hasira. Asubuhi Gesare alikuwa akibwabwaja nami nikimwitikia, kama nesi alivyotufundisha. Mama akasema mtoto haongeleshwi, hutulizwa tu, asije akawa mropokaji kama mamake. Kwa heshima nikatoka kuanika nguo.

Niliporudi nikawasikia jikoni. Gesare alisema "ba" akinyooshea ndizi kidole. Mama akatazama mlangoni, hakuniona, akamwinamia: "Ba? Ehe, kisha?"

Halafu akangoja. Jasper, mama yako, aliyewalea nyinyi saba kwa neno moja tu, nyamazeni, alingoja jibu la mtoto. Gesare akasema "ba" tena, kwa sauti zaidi, akacheka. Ndipo Mama akamenya ndizi.

Kwa hiyo abaki, hata mwezi mzima. Mwekee kiti karibu na jiko, magoti yake hayapendi baridi hii. Nguo uzianue mvua ikitisha.

Na usimwambie nilimwona, ataona haya aache.

Mropokaji wenu,
Mama Gesare