Godoro la Mtu Anayelala Ubavu

Baba Swabrah,

Nimekwenda kwa dada yangu, kule Namatala. Maharagwe yako kwenye sufuria, yapashe moto kabla ya kula. Swabrah akitoka shule avue viatu nje. Na hilo godoro la mpira ulilotuletea jana kutoka Jinja usilianike juani, litapasuka.

Fundi Yekosofati alikuja asubuhi, wewe ukiwa mjini, kupigilia chaga za kitanda. Nikamwambia aziweke karibu karibu, maana napenda kulala pagumu. Akashangaa. "Lakini mama, afande mumeo alisema niachie nafasi hapa penye bega, kwa sababu wewe unalala ubavu. Hata godoro alichagua laini kwa sababu hiyo."

Ubavu! Tangu nimzae Swabrah nalala chali, mgongo haunipi ruhusa nyingine. Na Swabrah sasa anaota meno ya pili.

Huko Jinja unakokaa wiki nzima kazini, ni nani uliyemtazama akilala mpaka ukajua bega lake linataka nini?

~~Usinifuate.~~ Njoo jioni, lakini uje na jina. Udi sijafukiza, na kitanda kipya bila udi hakilaliwi nyumbani kwangu. Mkeka uko nyuma ya mlango.

Wala usiniambie ulikuwa unamfikiria mama yako. Alipougua nilimuuguza mimi. Analala kifudifudi.

Mama Swabrah