Madaftari ya Mama Yako

Perm, 14 Novemba 1988

Mwanangu Rimma,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mumeo, na huyo mdogo ambaye sijui sasa kafika darasa la ngapi. Natumaini huko Tbilisi jua bado lipo na kifua chako hakikusumbui tena. Mimi mzima, ila magoti. Theluji imeanguka wiki nzima, na tangu jirani yangu Pelageya ahamie kwa mwanawe, jikoni tulimokuwa tukipika pamoja nimebaki peke yangu na sufuria zake mbili alizozisahau. Kuna siku sauti yangu naisikia mara moja tu, ninapoomba mkate dukani.

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja wa jarida la hapa mjini, anaitwa Taisia. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akaniambia kwamba siku hizi serikali imelegeza mambo, na wanatafuta maandishi ya wanawake yaliyokataliwa zamani. Alikuwa amesikia kwamba mama yako, marehemu rafiki yangu, aliandika hadithi za wanawake waliokuwa wakifua mashuka ya hospitali.

Unakumbuka alivyojibiwa alipozipeleka mwenyewe? Mhariri alimwambia, "Serafima Arkadyevna, haya ni mambo ya beseni na sabuni. Fasihi iko wapi?" Naye akamwambia, "Hilo shati ulilovaa kalifua nani? Nenda kamuulize, atakuonyesha fasihi ilipo." Alirudi anacheka, hata kitambaa cha kichwani hakukivua, akakaa kuandika nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsahihishia. Kila hadithi niliisoma mara nne, tano, mpaka zikanikaa kichwani.

Basi nilimwambia Taisia kwamba madaftari ya mama yako yapo, ila sitayatoa nje, nitamnakilia. Kwa wiki tatu nikaandika hadithi saba, nikampa. Juzi alirudi mbio, mashavu mekundu kwa baridi, akisema ofisi nzima imezisoma. Hadithi ya Dusya, yule mfuaji anayelitambua shati la mwanawe aliyepotea katika rundo la nguo chafu, akalifua, akalipiga pasi na kulirudisha pamoja na nguo nyingine bila kusema neno, ilimliza ndani ya tramu. "Mwisho ule, Kapitolina Savelyevna," aliniambia, "mwanamume asingeuweza."

Rimma, hayo madaftari hayapo. Mwaka 1972, miezi miwili baada ya kumzika mama yako, watu wawili wa usalama walimwuliza Pelageya ni nani waliokuwa wakija kwangu. Aliponinong'oneza sikungoja. Niliyatia kwenye moto wa jiko, moja baada ya jingine, mchana kweupe. Wale watu hawakuja kamwe. Nawe ulipoandika kuyaulizia, nikakujibu kwamba yako salama.

Miaka kumi na sita nimezisema hadithi zile kwa sauti ya chini, nikimenya viazi, nikisimama kwenye foleni, zisinipotee. Zilipotea hata hivyo, vipande vipande, na penye tundu nikatia maneno yangu. Mwisho wa Dusya ni wangu. Wa mama yako siukumbuki. Na Taisia alipousifu, mwanangu, nilifurahi. Nilifurahi kama msichana, nikamwongezea jemu. Kuchoma kulikuwa hofu, na hofu wengi walikuwa nayo. Ninayoionea haya ni furaha ile.

Watu wa jarida watakuletea karatasi ya kutia sahihi ili zichapwe, kwa kuwa mrithi ni wewe. Nimekuwekea nakala ya hadithi humu. Kila sentensi ninayojua kuwa ni yangu nimeipigia mstari mwekundu. Nyingine sijui tena ni za nani kati yetu wawili, hizo nimeziacha. Ukisema zisitoke, nitakwenda mwenyewe kumweleza Taisia sababu. Ukisema zitoke, nakuomba jambo moja: mwisho wa Dusya uondolewe, na pale pabaki nafasi nyeupe, ili anayesoma ajue kwamba palikuwa na maneno ya Serafima na mtu aliyachoma.

Mkumbatie mtoto kwa niaba yangu. Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana. Nitaisoma barua yako kwa shukrani.

Niliyekuwa rafiki wa mama yako,
Kapitolina Savelyevna