Meno ya Msuka Ukili

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeosha mifupa tangu asubuhi. Mswaki laini, maji kidogo, ungo wa kuanikia. Kufagia hospitali, kazi yangu, kumengoja. Mwanangu Swabra kalala chumba cha pili, anaota meno ya kwanza, hana raha.
Ni ile mifupa iliyookotwa kichakani Kililana. Daktari Njeri, aliyeletwa kutoka bara kuichunguza, asema ni mwanamke mtu mzima, hana alama ya kupigwa. Polisi wadhani ni mgeni aliyefuata vibarua bandarini. Asipojulikana, mwezi ukiisha atazikwa bila jina.
Nimesema Bismillahi kwa kila mfupa.

Jumanne, 7 Oktoba
Taya. Meno mawili ya mbele yana kijifereji, kama yaliyokatwa na uzi. Daktari adhani ni ugonjwa. Ameweka alama ya kuuliza.
Si ugonjwa. Nyanya yangu anacho. Wasuka ukili wa mikeka wa kwetu hupasua miyaa, majani ya mkoma, kwa meno, ujana hadi uzee.
Sikusema. Nimekomea darasa la sita.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemwambia mume wangu. Akacheka. "Mfagizi amfunze daktari?"
Nimekasirika mpaka wali umeungua.
Namfikiria Bi Rukia wa Kiwayu. Mamake alikuwa msuka mikeka. Alivuka kwenda shamba Kililana, mwaka wa tatu huu, hakurudi. Watu walisema bahari imemtwaa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimesema. Kisha nikatoa mwaa nikaupasua kwa meno mbele ya daktari. Hakucheka. Akavuta kiti. "Mama Swabra, kaa hapa unifundishe."
Tukaenda kwa nyanya. Daktari akamulika kinywa kwa tochi. Nyanya akamuuliza, "Wanipima umri kama punda?"
Bi Rukia ameitwa. Amechukuliwa mate ya kulinganisha na mfupa. Ya Rabbi, nisiwe nimempa mtu tumaini la bure.

Alhamisi, 30 Oktoba
Ni mamake.
Bi Rukia alinishika mikono hata vidole vikauma.
Jina langu limo kwenye ripoti. Langu na la babangu. Nimelisoma mara nne. Mume wangu sasa ndiye msimulizi barazani, utadhani aliona yeye. Nimemwachia.

Ijumaa, 31 Oktoba
Wamemzika baada ya sala. Kaelekezwa kibla, kaitwa kwa jina lake.
Alasiri nimekaa kusuka. Nyanya kanisukumia kisu, niyahurumie meno. Nimekiweka kando, nikapasua kwa meno.
Swabra alikuwa akinitazama kinywa. Jino lake la kwanza limetoka, chini, dogo kama punje ya mchele.