Makande ya Balozi

“Toa mkono kwenye sinia, Tobia. Hatuli na mkoma.”

Singano rafiki yangu, hivyo ndivyo Mdoe, balozi wetu wa nyumba kumi, kaniambia leo kwenye shamba la ujamaa, watu wote wanasikia. Mkoma. Kisa haya magamba ya mikononi.

Nikamwambia daktari kasema hayaambukizi. Ngozi inaota haraka mno, nikipaka mafuta inatulia, halafu inarudi.

“Ndugu, kale peke yako kule.”

Eti ndugu. Asubuhi yote tunalima bega kwa bega, ukoma hakuuona.

Nikamuuliza, “Makande matamu, balozi? Mahindi nimepukuchua mimi jana, kwa mikono hii hii.”

Balozi kumeza hawezi, kutema anaona aibu.

Akageuka, akaenda zake, mashavu yamejaa vilevile.